Habari Isiyo na Chanzo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wino alikata magazeti. Wino lilikuwa jina la utani, alilopewa kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata weusi wa karatasi hizo, na lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mama yake alimwita hivyo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kazi aliifanyia nyuma ya bucha la mjomba wake, juu ya ubao uliokwisha kuliwa na visu, huku mjomba mwenyewe akipasua mifupa kwa shoka upande wa pili.

Mjomba alinunua magazeti ya zamani kwa robota, kutoka kokote yalikotoka, ili kufungia nyama. Alikuwa na sharti moja. Sehemu ya juu ya kila ukurasa, yenye jina la gazeti na tarehe, ilipaswa kukatwa na kutupwa kwenye boksi chini ya meza, iwe ya kuwashia jiko. Wino mwekundu wa jina hilo ulikuwa na tabia ya kuhamia kwenye nyama. Mteja mmoja aliwahi kurudi na kipande cha paja kilichoandikwa kinyumenyume "Toleo la Jumapili", akitaka kujua ng'ombe huyo alichinjwa Jumapili ya mwaka gani. Mjomba hakuona cha kuchekesha. Tangu siku hiyo kurasa zote ziliingia buchani bila kichwa, kama walivyoingia ng'ombe.

"Unakata au unasoma?" mjomba aliuliza bila kugeuka.

"Nakata, mjomba."

"Mbona sisikii kisu?"

"Kinapumzika."

"Kisu hakichoki. Anayechoka ni mteja aliyesimama na nyama mkononi akisubiri karatasi."

Ukweli ni kwamba Wino alisoma kila alichokata. Alisoma ajali, kesi, moto na mafuriko ya miji asiyoijua na ya miaka aliyokuwa hajazaliwa. Yote aliyasoma kama mambo ya jana, kwa kuwa hakukuwa na kitu chochote kwenye ukurasa cha kumwambia vinginevyo.

Shuleni kwao kulikuwa na gazeti la ukutani. Lilibandikwa kwenye ubao nje ya ukuta, karibu na lango, mahali ambapo wazazi na wapita njia waliweza kulisoma. Kila mwezi Mwalimu wa Kiswahili alichagua habari moja ikae juu kabisa, katikati, kwa herufi kubwa. Mara tano mfululizo nafasi hiyo ilikwenda kwa msichana mmoja wa darasa la Wino, ambaye kwa ushindi huo aliitwa Bingwa. Habari ya mwisho ya Wino, iliyohusu bomba la maji lililovunjika, ilibandikwa pembe ya chini kushoto, ambako msomaji hakuwa na budi kuchutama. Hakuna aliyechutama.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na kanuni chache. Kanuni aliyoirudia kuliko zote ilihusu mstari wa mwisho wa kila habari. Hapo mwandishi alitakiwa aandike neno "Chanzo", kisha aeleze nani alimwambia, au amesoma wapi, na lini.

"Kuchukua maneno ya mwingine si kosa," alisema. "Vitabu vyote vimefanya hivyo. Kosa ni kuyachukua kimyakimya."

Darasa liliandika sentensi hiyo daftarini, likapiga mstari chini yake kwa rula, na kwa wengi huo ndio ulikuwa mwisho wa habari yake.

Jumatatu moja, katika robota jipya, Wino alikutana na ukurasa wenye kichwa cha habari cheusi: MWIZI WA WATOTO AZUSHA HOFU. Kisu chake kilikuwa kimekwenda upogo, kikapasua nusu ya juu ya herufi hizo na kuiacha kwenye kipande kilichokwenda boksini. Chini yake palisomeka hivi: "Wakazi wameingiwa na hofu kufuatia kuonekana kwa mwanamume wa makamo, mwenye kuchechemea mguu wa kushoto na kubeba begi la turubai, ambaye huwavutia watoto kwa kuwapa vitu vidogovidogo kabla ya kutoweka nao."

Aliisoma mara tatu. Kisha akatoa daftari na kuinakili yote, neno kwa neno. Palipoandikwa "mtaa huo" aliandika "mtaa wetu". Ukurasa wenyewe aliukunja na kuuficha ndani ya daftari. Alipokuwa akiandika hakumfikiria mtu yeyote anayechechemea, wala mtu yeyote mwenye begi. Alifikiria herufi kubwa, juu kabisa, katikati.

Siku iliyofuata, kabla kengele haijalia, Bingwa alilichukua daftari hilo juu ya dawati na kusoma kwa sauti.

"'Kufuatia kuonekana kwa'," alisema. "Wewe? Juzi tu umeandika 'bomba limekufa'."

"Rudisha daftari langu."

"Daftari ni lako, sikatai. Maneno umeyaiba wapi?"

 Wino alichukua rula ya mbao na kumpiga Bingwa usoni kwa ubapa, na ubapa ulipoonekana hautoshi, akampiga kwa ukingo. Ngozi juu ya jicho ilipasuka. Bingwa alimkamata kwa kola na kumburuta, wakaanguka kati ya madawati, wakapigana magoti na viwiko huku wenzao wakipanda juu ya viti ili waone vizuri zaidi. Dawati moja lilipinduka na kumwangukia mtazamaji mguuni. Mwalimu alipofika, sakafu ilikuwa na damu, na darasa zima lilikuwa na maelezo.

"Nani ameanza?"

"Ameniita mwizi," Wino alisema, akihema.

"Je, wewe ni mwizi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Habari hii umeipata wapi?"

"Nimeulizia mtaani."

"Umemuuliza nani?"

"Watu. Watu wengi."

Mwalimu alimtazama. Alikuwa na mtoto anayevuja damu wa kumpeleka zahanati, mwingine mwenye kidole cha mguu kilichovimba, na madaftari sitini na mawili yasiyosahihishwa. Zaidi ya hayo, hasira ya Wino ilikuwa ya kweli kabisa, na watu wazima huichukua hasira ya kweli kuwa ushahidi wa maneno ya kweli. Alimpa Wino adhabu ya kusafisha darasa kwa kosa la kupigana. Habari akaipitisha. Chini yake Wino aliandika: "Chanzo: wakazi wa mtaa."

Jumatano habari ilibandikwa juu kabisa, katikati.

Mjomba alivuka barabara akiwa na aproni yake kwenda kuisoma, kwa kuwa bucha na shule vilitazamana. Aliisoma kwa kidole, mara mbili. Kuanzia hapo hakuna mteja aliyeondoka na nyama bila kuambiwa.

"Mpwa wangu ndiye aliyeichunguza," alisema, akifunga robo kilo. "Kaandika mwenyewe. Jina lake lipo."

Habari ikaondoka pale ukutani kwa miguu yake. Kufikia Alhamisi mchana mtu mwenye begi alikuwa ameonekana sokoni, kituoni na nyuma ya msikiti, kwa wakati mmoja. Kufikia jioni watoto wawili walikuwa wameshapotea, ingawa hakuna aliyeweza kuwataja wazazi wao. Wino alisikia yote hayo, akajiambia kwamba watu wazima wana akili zao na hawahitaji kusahihishwa na mtoto. Lilikuwa wazo lenye heshima, na lilimpa usingizi.

Hatua ishirini kutoka lango la shule, chini ya kibanda cha bati, alikaa fundi viatu. Alikuwa amehamia hapo miezi mitatu iliyopita. Mguu wake wa kushoto ulivunjika zamani alipoanguka kutoka kwenye paa, ukaunga vibaya. Vifaa vyake alivibeba kwenye begi la turubai. Hakuwa msemaji. Watoto wadogo waliomzunguka aliwapa vipande vya ngozi vilivyobaki, wakavitumia kutengeneza manati, na hivyo ndivyo alivyopata marafiki wengi wenye umri wa miaka saba.

Ijumaa, wanafunzi walipotoka saa ya chakula cha mchana, mmoja wa watoto hao alikaa karibu naye akichagua vipande. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka kusoma ubao aligeuka, akaona mguu, akaona begi, akaona mkono wa fundi ukimpa mtoto kitu.

"Ndiye huyu," alisema. Kisha akalisema tena kwa sauti ambayo barabara nzima iliisikia.

Watu walifika upesi. Waliokuwa na haraka ya kwenda kazini waligundua kwamba hawana haraka. Mmoja aliiangusha nguzo ya kibanda, mwingine alilipiga teke sanduku la gundi, mwingine alilichana begi, na nyundo, sindano na visigino vya mpira vikamwagika mavumbini. Fundi alisema, "Jamani, mnanitaka nini?" Lilikuwa swali zuri, nalo halikujibiwa. Ndipo mjomba alipovuka barabara mbio akiwa na mpini wa shoka. Aliuinua. Fundi akanyanyua mkono wa kulia kukinga kichwa, na mpini ukashuka juu yake.

Wino alikuwa amesimama langoni. Mlio ule aliutambua mara moja, kwa sababu ndio aliousikia buchani kila asubuhi.

Baada ya pigo la kwanza wengine walipata ujasiri. Walimpiga kwa viatu alivyovishona mwenyewe. Mlinzi wa shule, mzee mkimya ambaye hakuna aliyemdhania kuwa na nguvu, aliingia katikati kwa rungu, akamkamata fundi kwenye kwapa, akamvuta hadi kwenye kibanda chake kando ya lango, akafunga mlango wa bati kwa komeo la ndani. Mawe yakaanza kugonga bati. Mtu mmoja alisema anakwenda kutafuta petroli, na hakuna aliyemuuliza ya nini.

"Mjomba," Wino alisema, akimvuta aproni. "Mjomba, si yeye."

"Rudi nyuma, utaumia."

"Habari ile sikuiandika mimi. Nimeinakili."

"Nimeisoma kwa macho yangu. Jina lako lipo."

"Jina ni langu, maneno si yangu. Tazama." Alitoa ukurasa ndani ya daftari na kuukunjua.

Mwanamke yule wa kwanza aliunyakua kabla mjomba hajaugusa. Aliutupia jicho, kisha akaupunga juu ya vichwa vya watu.

"Hata magazeti yameandika," alipaza sauti. "Mguu wa kushoto. Begi la turubai. Yote yamo humu."

Kishindo cha umati kikawa maradufu. Mlango wa bati uliingia ndani kwa pigo la jiwe kubwa, bawaba moja ikang'oka. Wino alipigwa kiwiko mdomoni, hakuna aliyekusudia wala aliyejali, akaanguka na kuonja damu. Hapo chini, kati ya miguu ya watu, ndipo alipoelewa alichokuwa amekifanya. Ukurasa ule haukuwa na mji. Haukuwa na mwaka. Ungeweza kuwa wa mahali popote na wa siku yoyote, na kwa watu hawa ulikuwa wa hapahapa na wa leo.

Kichwa cha ukurasa kilikuwa boksini.

Alitambaa hadi nje ya umati, akavuka barabara, akaingia nyuma ya bucha na kulimwaga boksi sakafuni. Vipande vilikuwa mamia, vyekundu, vimenata mafuta, na vingine vilikuwa vimeshachomwa asubuhi hiyo na siku tatu kabla yake. Alivifagia kwa mikono yote miwili. Alivitafuta vilivyokatwa upogo tu, na kati ya hivyo, vyenye nusu ya herufi nyeusi ukingoni. Kule nje bati lililia, kisha likalia tena. Alikikuta kimenata chini ya pindo la boksi, mahali ambapo mkono wa mwasha jiko haukuwa umekifikia.

Aliporudi, bawaba ya pili ilikuwa imeanza kuachia. Alimwendea mwanamke mwenye ukurasa na kuudai. Alipokataliwa, alimng'ata mkono. Mwanamke alipiga yowe na kuuachia, na Wino akaupata, ukiwa umechanika pembeni. Alijipenyeza hadi kwa mjomba, akaubandika ukurasa kwenye aproni yake iliyolowa, na juu yake akakiweka kipande. Nusu za herufi zikakutana. MWIZI WA WATOTO. Mkato ulikuwa uleule, wenye kuyumba mahali palepale.

Mjomba hakusoma kwanza maneno. Alitazama mkato. Aliijua kazi ya kisu kile, na alilijua doa la damu lililokuwa pembeni, kwa kuwa lilikuwa la duka lake.

"Hii ni karatasi yangu," alisema taratibu.

"Soma tarehe, mjomba."

Aliisoma, midomo ikitembea. Gazeti lilichapishwa miaka kumi na moja iliyopita, katika mji ulio safari ya siku mbili. Aliutazama mpini wa shoka mkononi mwake kama kitu alichoazimwa na mtu asiyemkumbuka, akauachia ukaanguka. Kisha akaugeukia umati na kuuegemeza mgongo wake kwenye mlango wa bati.

"Basi," alisema. "Aachwe."

"Ondoka hapo, wewe. Si wewe uliyemuanza?"

"Ni mimi. Na nimepiga mtu asiye na kosa. Anayetaka kuingia aanze na mimi."

Jiwe lilirushwa, likampata juu ya paji la uso. Damu ilimshuka puani. Hakuinua mkono kuipangusa. Mtu wa petroli alifika na dumu lake, akajikuta amesimama mbele ya mtu mpana kuliko alivyotarajia. Mjomba alilichukua dumu kutoka mikononi mwake, akalimwaga lote mtaroni, akamrudishia likiwa tupu. Halafu akausoma ule mwaka kwa sauti, na jina la ule mji, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza walio nyuma hawakusikia.

"Huenda alihama kutoka huko," mtu mmoja alisema.

"Huenda," mjomba alijibu. "Basi tuulizane wenyewe. Nani hapa amepotelewa na mtoto? Simaanishi aliyesikia. Namuuliza aliyepotelewa."

Watu walitazamana. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwenzake, na mwenzake alikuwa amesimama kando yake akimtazama yeye. Hakuna mkono uliopanda. Wakaanza kuondoka mmojammoja, kwa mwendo wa watu waliokumbuka kwamba wameacha sufuria motoni. Polisi walipowasili, barabara ilikuwa na mawe, nyundo ya fundi na visigino vya mpira. Kila waliyemuuliza alisema hakuwepo.

Mama yake Wino alikuwa muuguzi wa zahanati. Ndiye aliyempokea fundi, akamkata shati, akahesabu alipoumia. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili, mbavu mbili zilikuwa na ufa, na meno matatu hayakuwepo. Mjomba alisimama mlangoni na jeraha lake.

"Dada, nisafishe na mimi."

"Kaa hapo nje. Damu yako inaweza kusubiri," alisema, bila kumtazama. "Mkono huu umepigwa na mtu mwenye nguvu."

Mjomba alikaa. Hakusema kitu, na askari aliyekuwa akiandika maelezo mezani hakumuuliza kitu.

Siku iliyofuata Mwalimu alifika nyumbani kwa Wino. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini.

"Bingwa alisema ukweli na mimi sikuusikiliza," alisema. "Nilisahihisha mikato na nukta, uongo nikauacha ulivyo. Hilo ni langu, nami nitalieleza kwa Mwalimu Mkuu. Lako ni hili: utaandika masahihisho. Yatakaa mahali palepale, kwa herufi zilezile."

Wino aliandika siku nzima. Jumapili alipeleka karatasi zahanati, kwa kuwa Mwalimu alimwagiza amsomee aliyeumizwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Fundi hakutaka kusomewa. Aliishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akaisoma polepole, akarudia sehemu moja.

"Umeandika nilipigwa na 'watu wasiojulikana'," alisema. Meno yaliyopungua yalimfanya azungumze kwa uangalifu. "Hao ni akina nani?"

"Magazeti huandika hivyo, Fundi."

"Kumbe umenakili tena."

Wino aliinamisha kichwa.

"Wa kwanza kunipiga namjua," fundi aliendelea. "Alikuwa na mpini wa shoka. Wewe unamjua kunishinda, mnaishi naye."

"Askari hawajui," Wino alisema kwa sauti ndogo. "Nikiliandika, watajua. Watamchukua."

"Ndiyo."

"Ni mjomba wangu. Amekuombea kwa watu. Amepigwa jiwe kwa ajili yako."

"Hilo nalo liandike. Lilitokea."

Aliupanga upya mkono uliofungwa.

"Sikiliza, mwanangu. Kiatu kikiletwa kwangu, kwanza natazama kimeshonwa na nani kabla yangu. Kila fundi ana mkono wake. Nikiujua, najua pa kufumua na pa kuacha. Nikishona juu yake nikasema kazi yote ni yangu, kisha uzi ukakatika njiani na mtu akavunjika mguu, atakuja kuuliza nani alishona. Nitamjibu nini, kwamba kiatu kilijishona? Maneno pia yana walioyashona. Ukiwataja, msomaji anaweza kwenda kuwauliza. Ukiwaficha, hana wa kumuuliza, na asiye na wa kumuuliza huokota jiwe. Mimi nilipigwa na maneno ambayo hayakuwa na mtu."

Wino aliipokea karatasi, akaweka kidole kwenye maneno "watu wasiojulikana". Aliuliza, "Nifute ile sehemu?"

"Usiniulize mimi. Mimi nimekuambia nilichokiona. Kamuulize na yeye."

Bucha lilikuwa limefungwa, lakini mjomba alikuwa ndani akinoa visu ambavyo tayari vilikuwa vikali. Plasta ilimfunika nusu ya paji la uso. Wino alisimama mbele ya ubao, daftari likiwa wazi.

"Mjomba, nani alimpiga Fundi wa kwanza?"

Kisu kilisimama juu ya jiwe la kunolea.

"Unaniuliza kama mpwa, au kama gazeti?"

"Kama gazeti."

Mjomba alikipangusa kisu kwa pindo la aproni, upande mmoja, kisha wa pili. Machozi yalimjaa Wino, lakini kalamu hakuiweka chini.

"Andika ni mimi," mjomba alisema hatimaye. "Andika na mpini. Andika kwamba sikumuuliza chochote."

"Askari wakisoma watakuja."

"Hawatakuwa na haja ya kuja." Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akavua aproni, akaitundika. "Mwambie mama yako nimekwenda kituoni. Na funguo za duka ziko mahali pake."

Alitoka kabla wino haujakauka kwenye sentensi hiyo. Kesi yake ilichukua miezi, na alitumikia adhabu aliyopewa bila kulalamika. Mkono wa fundi uliunga, ingawa haukurudi kunyooka, na wanafunzi walimsaidia kukijenga upya kibanda chake.

Jumatatu, kesho yake baada ya mjomba kwenda kituoni, Bingwa alisimama karibu na ubao na plasta yake juu ya jicho. Wino alimwomba radhi mbele ya darasa zima, kisha akampa karatasi aisome kabla haijabandikwa. Bingwa aliisoma hadi mwisho.

"Haya sasa ni maneno yako," alisema. "Yana makosa mawili ya tahajia."

"Yapi?"

Alimwonyesha. Wino alisahihisha, na Mwalimu akaigongomea karatasi juu kabisa, katikati. Ilieleza habari ya awali ilinakiliwa na nani, kutoka gazeti gani, la mji upi na mwaka upi, na kwamba hakuna mtoto yeyote aliyepotea. Ilieleza nani alipigwa, nani alianza kupiga, na nani alisimama mlangoni. Mstari wa mwisho ulisomeka: "Chanzo: Fundi viatu, aliyehojiwa Jumapili zahanati, mwenye bucha, mjomba wa mwandishi, aliyehojiwa siku hiyohiyo dukani, na gazeti lenyewe, lililohifadhiwa kwa Mwalimu wa Kiswahili."

"Ninyi mnadhani mstari ule ni pambo la kumfurahisha mwalimu," Mwalimu aliliambia darasa. "Ni mlango. Mnamwachia msomaji ili atoke nje ya maneno yenu akahakikishe mwenyewe. Mwandishi mwaminifu hauzibi."

Mchana wazazi walikusanyika mbele ya ubao. Walisoma kimya, na baadhi yao walikuwa na sababu za kusoma kimya. Mwanamke mwenye alama ya meno mkononi alisoma hadi chini, akamgeukia mlinzi wa lango.

"Na haya nayo ni kweli?"

Mlinzi alinyoosha rungu lake, akaligusisha kwenye mstari wa mwisho.

"Wapo hao," alisema. "Nenda kawaulize."

Mwanamke aliusoma tena mstari ule. Kisha akaelekea zahanati.